Fundi, Umeme, Kisha Mashine: Upimaji wa Elementi kwa Utafiti wa Kaskazini Mashariki

 

Mtu hasimami kuzungumzia elimu ya juu katika mji huu wa Garissa bila kuwakumbuka wale 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Walimu na wanafunzi waliorudi walifanya jambo zito kuliko lolote nitakaloliomba leo, ndiyo maana naliomba bila woga.

Kusudi langu ni kueleza namna idara za kemia na za sayansi ya ardhi katika eneo hili, zilizopo na zitakazoanzishwa, zinavyopaswa kupata vifaa vya kupima elementi. Nasema juu ya vile vifaa vinavyotuambia ndani ya maji haya, udongo huu au jiwe hili mna chuma kiasi gani, risasi kiasi gani, kaboni kiasi gani. Msimamo wangu nautoa mapema ili mnisikilize mkiujua. Mashine iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Kabla yake yatangulie maswali yetu wenyewe, aajiriwe fundi, na upatikane umeme wa kutegemewa. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: maswali yako hapa, majibu yako mbali

Tuanze na maji. Kutoka Habaswein, kufuata Laga Dera hadi Dadaab na Liboi na kuvuka mpaka kuingia Somalia, chini ya ardhi kuna hifadhi kubwa ya maji iitwayo Merti. Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimeitegemea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na wenyeji wa vijiji vinavyozizunguka na mifugo yao. Maji matamu ya Merti yamezungukwa na maji ya chumvi. Visima vikivuta kupita kiasi mahali pamoja, chumvi inaweza kusogea kuelekea visimani. Ulimi wa mnywaji huchelewa kuitambua hatari hiyo. Vipimo vya sodiamu, kalsiamu na magnesi, vikifanywa mwaka baada ya mwaka kwa utaratibu uleule na kuwekwa katika daftari moja, huitambua mapema. Daftari la namna hiyo linapaswa kukaa hapa, mahali ambapo mtu wa Dadaab anaweza kulifuata na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Wajir ina swali lake. Mji umekaa juu ya mawe ya chokaa na maji yako karibu sana na uso wa ardhi, kiasi kwamba vyoo vya shimo ni hatari na watu wametumia vyoo vya ndoo kwa miongo mingi. Mandera nayo ina jasi ya El Wak. Jasi huuzwa kwa viwanda vya saruji na plasta, na bei yake hufuata usafi wake. Mwenye jasi asiyejua usafi wa mali yake hupokea bei anayotajiwa na mnunuzi. Huku kwetu kando ya Mto Tana kuna mashamba ya ndizi, maembe na vitunguu ambayo baadhi yake yanaanza kukusanya chumvi. Na wafugaji? Wao wanajua laga gani (mto wa msimu) na kisima gani ngamia wao hukipenda, na ujuzi huo ni wa thamani kubwa kwa mtafiti. Mfugaji akieleza kwamba ng'ombe wake wanatafuna mifupa, daktari wa mifugo hushuku upungufu wa fosforasi katika malisho. Kushuku ni mwanzo. Kuthibitisha kunataka nyasi zile na udongo ule vipimwe.

Sasa tazama safari ya sampuli. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000. Maji yakichotwa kisimani na kutiwa ndani ya chupa bila kuongezwa asidi ya nitriki palepale, chuma kilichomo huanza kuganda na kushuka chini, na kikishuka hushika aseniki na kwenda nayo. Metali nyingine hung'ang'ania kuta za chupa. Mpimaji wa Nairobi, hata awe hodari namna gani, atapima yale yaliyosalia na kuandika kwamba maji ni salama. Hatakuwa amesema uongo, ila maji aliyoyapima hayatakuwa yale yanayonywewa. Ndugu zangu wa idara za maji, hata kabla ya mashine kuja, chupa ndogo ya asidi safi na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa kila anayechota sampuli vitaokoa kazi nyingi.

Kuna kisa cha majirani zetu wa Turkana ambacho kila mpangaji wa miradi ya kaskazini anapaswa kukikumbuka. Mnamo Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kupatikana kwa hifadhi kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, na ile ya bonde la Lotikipi ikakadiriwa kuwa na zaidi ya mita za ujazo bilioni 200. Dunia nzima ilisikia. Picha za satelaiti na mitambo ya uchunguzi zilikuwa zimeonyesha kwamba maji yapo. Vipimo vya kemia vilipofanywa baadaye, maji ya Lotikipi yakaonekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Matumaini ya watu wenye kiu yalitangulia maabara. Sipendi kuona jambo hilo likirudiwa Garissa, Wajir au Mandera.

Hoja ya pili: kila mashine ina swali lake

Hapa naomba subira yenu, hasa wale wasio wanakemia, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu husema tununue mashine ya kupima madini, kana kwamba iko moja. Ziko nyingi, na kila moja ina inachokiona na isichokiona.

Mashine ya ufyonzaji wa atomi, AAS, iliasisiwa na Alan Walsh huko Australia katika miaka ya 1950. Sampuli iliyoyeyushwa hupuliziwa ndani ya mwali wa asetilini, kisha mwanga wa taa maalumu hupitishwa humo. Atomi za elementi inayotafutwa hufyonza mwanga unaolingana nazo, na kiasi kilichofyonzwa ndicho kipimo. Ni mashine imara, mafundi wengi nchini wanaijua, na bei yake ni ya chini ukiilinganisha na zilizokuja baadaye. Udhaifu wake ni kwamba kila elementi hutaka zamu yake na kwa kawaida taa yake. Sampuli moja ikitafutwa elementi kumi, hupimwa mara kumi.

Ikaja ICP. Humo sampuli huingizwa ndani ya plazma ya agoni yenye joto la kati ya nyuzi 6,000 na 10,000, na elementi nyingi husomwa kwa pamoja ndani ya dakika chache. Ndugu yake, ICP-MS, huzitenganisha atomi kwa uzito wake na huona viwango vidogo mno. Najua wenzangu wengi huiota ICP-MS. Naielewa ndoto hiyo, na kwa Garissa ya leo naipinga. Plazma hiyo hutumia karibu lita 15 hadi 20 za agoni kila dakika. Mtungi mmoja mkubwa, wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la kawaida, hutoa takriban lita 10,000 za gesi. Fanyeni hesabu: mtungi huo huisha ndani ya saa 8 hadi 11 za kazi, yaani siku moja. Kila siku ya kupima inataka mtungi mwingine kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kwa barabara ambayo mvua kubwa na mafuriko ya Tana yamewahi kuikata. Chuo kitakachonunua ICP kabla ya kujibu swali la agoni kitakuwa kimejifunga kulipia gesi kwa maisha yote ya mashine ile.

Kuna njia nyingine. Tangu mwaka 2011 imekuwepo sokoni mashine ya plazma ya mikrowevu, MP-AES, ambayo hutumia naitrojeni inayochujwa kutoka hewani palepale maabara. Hutaka kompresa nzuri na kichujio cha naitrojeni, lakini hutegemea mitungi kwa nadra sana. Haioni viwango vidogo kama ICP-MS. Kikomo cha aseniki kwa maji ya kunywa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita, na ili kukifikia mashine hii huongezewa kifaa cha kugeuza aseniki kuwa gesi kabla ya kusomwa. Kwa kalsiamu, magnesi, chuma, manganizi, shaba na zinki, yaani sehemu kubwa ya kazi ya maji, udongo na malisho, inatosha kabisa.

Kwa wanajiolojia kuna eksirei. Mashine ya XRF hupiga jiwe au udongo uliosagwa kwa miale ya eksirei, na kila elementi hurudisha miale yenye nishati yake maalumu. Haihitaji kuyeyusha jiwe kwa asidi kali, na hilo peke yake ni faida kubwa mahali ambapo kupata asidi na kuitupa kwa usalama ni tabu. Ipo ya kushika mkononi, ipo ya mezani, na ipo aina iitwayo TXRF ambayo hukausha tone dogo la maji juu ya kisahani cha kwatzi na kusoma elementi nyingi kwa viwango vya chini, bila mitungi ya gesi. Taasisi ya sayansi ya nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi imekuwa ikifundisha mbinu za eksirei kwa miongo kadhaa, kwa hiyo walimu wapo nchini. Lakini tahadhari: ile ya mkononi, ambayo wachuuzi wa vifaa huipenda kwa maonyesho, haioni kaboni, naitrojeni wala sodiamu, na haiwezi kuthibitisha kwamba maji ya kunywa hayana aseniki. Anayezunguka nayo visimani akitoa hukumu za usalama anahatarisha watu.

Imebaki CHNS, ambayo kwa wanakemia wengi ndiyo yenye jina la upimaji wa elementi hasa. Asili yake ni ya zamani. Mfaransa Jean-Baptiste Dumas aliweka msingi wa kupima naitrojeni kwa kuchoma sampuli katika miaka ya 1830, na Fritz Pregl wa Austria alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1923 kwa kuwezesha upimaji wa sampuli ndogo sana. Leo miligramu mbili au tatu hufungwa ndani ya kikopo cha bati chembamba na kuchomwa katika oksijeni kwa joto la karibu nyuzi 1,000. Kaboni hutoka kama dioksidi ya kaboni, haidrojeni kama mvuke wa maji, naitrojeni na salfa nazo kwa gesi zake, kisha gesi hizo hutenganishwa na kupimwa. Mwanafunzi anayechunguza utomvu wa ubani au manemane ya huku kwetu na kudai amepata kampaundi mpya ya kemia hataaminiwa na majarida mengi mpaka vipimo vyake vya kaboni, haidrojeni na naitrojeni vilingane na hesabu, tofauti isizidi asilimia 0.4. Wanafunzi wetu wanakwama hapo. Hupeleka sampuli nje ya nchi, hungoja, na mwaka wa masomo hauwangoji.

Mashine hiyohiyo hupima kaboni ya udongo, na hapa Kaskazini Mashariki ina mtego wake. Udongo wa Wajir na Mandera una chokaa nyingi, na chokaa ina kaboni. Ukiuchoma vivi hivi, mashine itajumlisha kaboni ya chokaa na ile ya mizizi na majani yaliyooza, nawe utatangaza rutuba ambayo haipo. Ni lazima chokaa iondolewe kwanza kwa asidi. Mwongozo wa maabara ulioandikwa kwa ajili ya udongo mwekundu wa Kiambu hautakuonya juu ya jambo hilo, kwa hiyo itabidi tuandike mwongozo wetu.

Tena, zipo kazi ambazo mashine hizi zote haziziwezi. Zinasema elementi ipo kiasi gani; hazisemi iko katika umbo gani. Naitrojeni ya visima vya Wajir inatia hofu ikiwa katika umbo la nitrati, na nitrati hupimwa kwa vifaa vingine vya bei nafuu. Floridi, inayoharibu meno na mifupa ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, haisomwi na ICP ya kawaida. Elektrodi ndogo ya mkononi huisoma vizuri. Sodiamu nayo, ambayo XRF ya mkononi haiioni, husomwa na fotometa ya mwali, kifaa cha zamani na rahisi.

Mkiniuliza mpangilio, nitajibu wazi. Mwaka wa kwanza chuo kiwe na mizani nzuri, mtambo wa kusafisha maji ya maabara, kabati la kuvuta mvuke wa asidi, fotometa ya mwali na elektrodi za floridi na nitrati. Kisha ije XRF ya mezani, au TXRF ikiwa maji ndiyo yatakayotangulia. Baadaye MP-AES na CHNS. Kwa ICP-MS tufanye mkataba na maabara za Nairobi, tuwapelekee sampuli chache tulizozichuja sisi wenyewe.

Hoja ya tatu: mashine hufa kwa vitu vidogo

Nimeingia katika maabara ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta AAS ya fedha nyingi imefunikwa kitambaa safi. Ilikuwa haina kasoro kubwa. Taa zilikuwa zimeisha muda wake, na hapakuwa na kifungu cha bajeti cha kununua nyingine. Watu wa pale waliihudumia kwa heshima, waliifuta vumbi, na haikuwa na kazi.

Taifa letu lina funzo kubwa zaidi. Februari 2015 ulitiwa saini mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, wa miaka saba na kwa gharama ya awali ya shilingi bilioni 38. Palikuwa na nia njema ndani yake, na kuna wagonjwa walionufaika. Lakini kamati ya Seneti ilipouchunguza mwaka 2020, zilipatikana hospitali ambako mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, maji au umeme, huku malipo yakiendelea. Shirika la Afya Duniani nalo limewahi kuandika kwamba katika baadhi ya nchi ni asilimia 10 hadi 30 tu ya vifaa vya tiba vinavyotolewa kama msaada ndivyo hufikia kufanya kazi. Vifaa vya utafiti havina kinga dhidi ya maradhi hayo.

Kwa Garissa, tuanze na joto. Mashine hizi hutaka chumba cha nyuzi 20 hadi 25, na nje mara nyingi ni nyuzi 35 au zaidi. Kiyoyozi kikizimika mchana mmoja, vipimo vya siku hiyo havifai. Vumbi letu ni laini na lina kalsiamu nyingi. Likiingia ndani ya chupa ya sampuli hubadili jibu la kalsiamu kabla hujaanza kupima. Maabara ya hapa inataka milango miwili mfululizo, madirisha yaliyozibwa na viatu vya ndani. Haya hayana gharama kubwa yakichorwa tangu jengo linapobuniwa. Yakija baadaye ni ghali.

Umeme ni jambo ambalo tuna bahati nalo, tukiitumia. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa takriban megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019, jirani na mji huu. Jua linalochosha mashine zetu linaweza kuziendesha. Sisemi kwamba kituo kile kimetuondolea kukatika kwa umeme. Nasema kwamba maabara yenye paneli zake juu ya paa, betri na kidhibiti cha volteji inawezekana hapa, na mafundi wa kazi hiyo tayari wapo mjini. Wajir na Mandera, ambazo kwa miaka mingi zimeendeshwa na jenereta za dizeli, zitahitaji mpango huo hata zaidi siku zitakapopata vituo vyao vya kutayarishia sampuli.

Na sasa fundi. Nikiambiwa nichague kati ya kuajiri fundi sanifu wa maabara mmoja kwa kazi ya kudumu na kupokea mashine ya pili bure, nitamchukua fundi. Profesa huandika andiko la fedha na mwanafunzi huhitimu akaondoka, lakini fundi hubaki. Ndiye anayeijua sauti ya kompresa inapoanza kuchoka, na ndiye anayeweka sampuli rejea kila asubuhi, ile ambayo jibu lake linajulikana, kabla ya kuigusa sampuli ya mtu. Sote tunajua kwamba si kila fundi wa kampuni za Nairobi yuko tayari kusafiri hadi Garissa, sembuse Mandera. Kwa hiyo fundi wetu afunzwe kutengeneza, si kubonyeza vitufe tu. Mfano tunao. Mtandao wa Kemia wa Afrika nzima, ulioanzishwa mwaka 2007 na Royal Society of Chemistry ya Uingereza, uliendesha katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mafunzo ya vitendo juu ya mashine za GC-MS, zinazotenganisha na kutambua kampaundi, na wanakemia wa nchi mbalimbali za Afrika wakafunzwa humo. Naomba msichana au kijana wa Garissa awe katika darasa la namna hiyo kabla mashine haijapakiwa melini.

Hoja ya nne: fedha na sheria

Hapa nitapita haraka. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na ikaitajia asilimia 2 ya pato la taifa. Hazina haijafikia kiwango hicho, na ni haki ya kila chuo kuwakumbusha wabunge wake. Manunuzi yenyewe yatafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015. Wenzangu, zabuni inayotaja bei ya mashine peke yake ni zabuni mbovu. Iandikwe ndani yake mafunzo, mkataba wa matengenezo wa miaka isiyopungua mitano, vipuri, na fundi atakayefika Garissa ndani ya siku zilizotajwa. Mshindi apatikane kwa gharama ya maisha yote ya mashine. Vifaa vya eksirei vinahitaji leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na maombi yaanze mapema. Msaada wa mashine iliyotumika tusiukatae, ila tuulize kwanza kama vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Kaunti tatu zikichangia maabara moja, mzigo unabebeka. Garissa iwe kituo cha kupimia, Wajir na Mandera ziwe na vyumba vya kukaushia, kusagia na kutilia asidi, na ada ya kupima visima vya miradi ya kaunti na ya mashirika iingie katika akaunti ya vipuri na isiguswe kwa jambo jingine.

Hoja ya tano: kipimo na haki

Mnamkumbuka Phyllis Omido wa Mombasa. Mtoto wake alipougua na damu yake ikakutwa na risasi, alianza kuuliza juu ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kando ya mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kesi ile ilisimama juu ya ujasiri wa mama yule na majirani zake, na juu ya vipimo vya risasi katika damu na udongo. Bila vipimo, kingebaki kilio cha mtaa maskini.

Yanayokuja huku kwetu ni ya namna hiyo. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Asilimia 10 ya nini? Ni ya kile kitakachoandikwa katika cheti cha maabara. Mabadiliko ya Sheria ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama kutolewa. Malisho yetu ni mapana, na wanunuzi wa kaboni watakuja. Wengine wameshafika kaunti jirani. Wakija na takwimu zao za kaboni ya udongo wenye chokaa, ni nani katika baraza la wazee ataweza kuuliza kama chokaa iliondolewa kwanza? Nataka awe binti aliyesomea hapa, aliyeupima udongo uleule kwa mikono yake, na nakala ya matokeo iwe imehifadhiwa katika maktaba ya chuo ambapo kila raia anaweza kuisoma.

Upo mfano wa upande wa pili wa mpaka unaonisukuma. Mwaka 2016 heliamu ya bonde la Rukwa, Tanzania, ilitangazwa kwa dunia na watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham. Walifanya kazi nzuri na Tanzania imefaidika kujua. Lakini ningependa tangazo la aina hiyo juu ya ardhi ya Mandera au Wajir litolewe siku moja na mtu aliyezaliwa hapo, kwa vipimo vilivyofanywa Garissa.

Ndugu zangu, mambo manne yanaweza kuanza bila kungoja mfadhili. Idara za maji za kaunti tatu zianze kutia asidi sampuli zao na kuandika mahali na tarehe kwa utaratibu mmoja. Chuo kikusanye vipimo vyote vya zamani vya visima vya Merti, Wajir na Mandera vilivyotawanyika katika ofisi na mashirika, na kuviweka mahali pamoja. Wanajiolojia wetu wakusanye mawe ya El Wak na ya mabonde ya Mandera, wayape namba na kuyahifadhi, ili siku mashine itakapowaka iwe na kazi ya kufanya. Wanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu na wa nne wapelekwe Nairobi wakati wa likizo, katika maabara zilizo tayari kuwapokea, waone mashine zikifunguliwa na kufungwa.

Na kwa uongozi wa chuo nina ombi mahususi. Kabla ya kuitisha bei kwa kampuni yoyote, tangazeni nafasi ya fundi sanifu wa maabara, ya kudumu, yenye mshahara unaomwezesha kubaki Garissa na familia yake. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Tangazo hilo litoke kabla ya siku hiyo.